Jiko Nililolificha Ukweni

Kwetu mwanaume haingii jikoni, na mimi jikoni ndiko ninakopatia ugali wangu. Mimi ni mpishi wa kambi za watalii, zile zinazohamahama ndani ya Serengeti kwa upande wetu wa Busega. Leo mahema yapo hapa, wiki ijayo yapo kule, na mimi nafuata nyuma na masufuria yangu. Wageni wa kutembea kwa miguu huja na majiko madogo ya gesi ambayo ukiyakunja yanaenea kiganjani. Chini yake inakazwa kopo la gesi kwa kuzungusha, kama unavyofunga kifuniko cha chupa. Safari ikiisha hawaruhusiwi kupanda na makopo hayo kwenye ndege, hivyo wanatuachia, mengine yametumika nusu, mengine hayajafunguliwa kabisa. Mgeni mmoja aliniachia na jiko lenyewe. Nililipenda jiko lile kuliko simu yangu.

Ukijua kazi yake halina taabu. Ukitaka kujua gesi iliyobaki, tia kopo kwenye ndoo ya maji: lililojaa linazama sana, lililokwisha linaelea huku limelala upande. Kabla ya kukaza unahakikisha kitasa cha kufungulia gesi kimefungwa. Unaweka kiberiti tayari, ndipo unafungua kidogo, na moto unashika hapohapo. Ni moto wa bluu, na mchana wenye mwanga huuoni hata ukiutazama. Unaujua kwa sauti yake tu.

Ukweni kwangu, Nkololo, walijua kwamba nafanya kazi na watalii. Neno hilo niliwapa mimi mwenyewe wakati wa posa na nililichagua vizuri, maana "na watalii" ni neno pana, kila mtu anaweza kuingiza humo anachotaka. Baba mkwe aliingiza bunduki. Aliwatangazia majirani kwamba mkwe wake analala na simba, na mimi sikumsahihisha. Si uongo kwamba nalala karibu na simba. Ila ninachoshika mkononi ni mwiko.

Masika yaliyopita mke wangu alikwenda kwao kujifungua, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza mama yake humlea kwa bibi. Alijifungulia zahanati salama, mtoto wa kike, wakarudi nyumbani. Niliomba ruhusa kazini, nikafika Bariadi mjini mvua ikiwa imeshika kisawasawa. Bodaboda alinifikisha mahali akasimama, akaniambia, "Kaka, mbuga imefunga, hapa ndiyo mwisho." Kweli ilikuwa imefunga. Udongo mweusi wa mbuga zetu ukilowa haupitishi hata baiskeli. Nikavua viatu, nikatembea na begi mgongoni: kanga mbili za mzazi, sukari, sabuni, na chini kabisa, limezungushiwa fulana, jiko langu na makopo mawili. Nililibeba kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani nilijua hali ya ukweni wakati wa masika, na mkono wa mpishi ukafunga mzigo bila kumuuliza mwenyewe.

Nilifika asubuhi, nikakuta hali mbaya kuliko nilivyodhani. Jiko la nje lilikuwa limeanguka ukuta mmoja na maji yalisimama kwenye mafiga. Mama mkwe alikuwa amehamisha mafiga na kuyaweka kwenye chumba cha nyuma, kinachopakana ukuta na sebule walikokaa wanaume, na upande wa pili na chumba cha mzazi. Kuni kwa nchi yetu ni shida hata kiangazi. Tunapikia vijiti vya pamba vilivyobaki shambani baada ya mavuno. Lundo la vijiti lilikuwa limelowa mpaka ndani. Mkaa ulikuwa umekwisha, na kwa tope lile hakuna aliyekuwa na uwezo wa kwenda kuutafuta. Nilikaribishwa sebuleni kwa baba mkwe na kaka zake wawili, wazee wa heshima, nikapewa kigoda. Begi nikaliweka katikati ya miguu.

Kuta za nyumba ile haziendi mpaka kwenye bati. Moshi ulipita juu, na sauti zote zilipita juu. Nilimsikia mama mkwe akipuliza, kisha akikohoa, kisha akipuliza tena.

Lazima nieleze heshima yetu na mama mkwe, kwa sababu bila hiyo mtu ataniona mjinga tu, na mimi nataka nionekane mjinga kwa sababu zangu halisi. Tangu nioe, mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kutazamana usoni. Hakuna ugomvi, heshima ndiyo hiyo. Tukikutana njiani yeye anaingia kwenye mahindi na mimi nageuzia uso upande wa pili. Salamu zetu zinapita kwa mtu wa tatu. Anapopikia mimi sikanyagi, na chakula kilichopikwa na mkono wangu yeye hawezi kukila. Ndivyo ukoo wa mke wangu unavyoshika mambo, na sikuona ubaya wake, maana kwa maisha ya kawaida inapumzisha sana. Nani hataki mama mkwe asiyeuliza maswali?

Basi nilikaa. Wazee waliniuliza habari za simba, nikawapa habari za simba. Nyuma ya ukuta kikohozi kiliendelea. Nilijua kwa miguu yangu kwamba jiko lipo pale, nililigusa kwa visigino. Kulitoa ilikuwa dakika moja. Lakini nikilitoa nani atalitumia? Hapakuwa na mwingine anayelijua, na mimi kuliwasha mbele ya wazee, kuchuchumaa na kukoroga uji, ni kusema wazi kwamba mkwe waliyemsifia kijiji kizima ni mpishi. Nikajiambia moto utashika tu. Nikajiambia mvua itakata. Mzazi yupo na mama yake, nikajiambia, wanawake wanajua mambo yao. Nilijiambia mengi siku hiyo, na yote yalikuwa ya kulinda uso wangu. Nikiyakumbuka sasa mwili wote unawaka kwa aibu.

Bibi yake mke wangu, mama wa baba mkwe, akaja kukaa nasi. Huyo ndiye mtu pekee wa nyumba ile ninayeweza kutaniana naye, kwa kuwa bibi na mume wa mjukuu ni watani. "Wadila, ngoshi wane," alinisalimia kwa Kisukuma, yaani mimi ni mume wake na yule aliyelala chumbani ni mke mdogo tu. Siku nyingine ningemjibu vizuri. Akanitazama, akatazama begi, akasema, "Mume wangu, umekumbatia nini kwa miguu hivyo? Umeniletea nguruwe wa porini?" Wazee wakacheka. Nikacheka na mimi, nikalisogeza begi nyuma zaidi.

Kisha akaacha utani. Akasema mzazi hajatia kitu cha moto tumboni tangu alfajiri, maziwa hayatoki, na mtoto amelia mpaka sauti inakwaruza. Alisema bila kumtazama mtu. Baba mkwe akaitazama mvua mlangoni, akasema, "Mungu atasaidia." Na mimi, nisamehewe, nikaitikia amina.

Mchana ulikuwa umeshageuka ndipo nilipofungua begi. Hata hapo sikulifungua kama mwanaume. Niliwaambia wazee kwamba kuna kikorokoro cha bosi wangu nilikisahau humu, cha kuchemshia maji, labda kinaweza kusaidia. Nikalikunjua jiko, nikalikazia kopo mwenyewe, nikampa bibi apeleke nyuma. Nikakaa tena kwenye kigoda changu. Nilikuwa nimepata njia: moto ungefika na heshima yangu ingebaki.

Kwa hiyo somo la jiko likatolewa kwa kupitia ukuta. Mimi nilimwambia bibi, aliyesimama mlangoni, na bibi akamwambia mama mkwe kwa Kisukuma, na maneno ya mama mkwe yakarudi kwa njia hiyohiyo. Washa kiberiti kwanza. Ameshawasha. Sasa fungua kile kitasa, kidogo. Amefungua. Nikasikia moto ukishika, ule mvumo wake laini, nikashusha pumzi. Niliona nimeshinda. Mzee mmoja akauliza kama kile kitu kinatumia betri, na mimi nikaanza kumjibu kwa sauti ya mtu anayejua mambo ya mjini.

Lililotokea huko nyuma nililielewa baadaye, na kila nikilifikiria naona lisingeweza kutokea namna nyingine. Mama mkwe amepika kwa kuni maisha yake yote. Moto kwake ni mwekundu, una moshi, na ukififia unaupuliza. Alitazama jiko langu, hakuona mwali. Aliona chuma tu na kitu cha bluu kinachotetemeka. Akafikiri unazimika. Akainama, akaupuliza, kama alivyopuliza vijiti vya pamba tangu asubuhi.

Mvumo ukakatika. Badala yake ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya gesi inayotoka bure. Mpishi yeyote wa kambi anaijua sauti hiyo hata akiwa usingizini. Nikasimama. Na hapa ndipo ninapojichukia. Sikupiga kelele "Mama, funga!" Mdomo wangu haukuweza kumwita mama mkwe. Nikamgeukia bibi nikasema, "Bibi, mwambie afunge kitasa, asiwashe tena," na bibi akageuka, akaanza kutafsiri, taratibu kama anavyofanya kila kitu, na kabla hajafika katikati nikasikia kiberiti kikikwaruza.

Gesi ililipuka kwa sauti ya nguo nzito inayokung'utwa. Mwanga ukapita juu ya ukuta. Mke wangu akapiga yowe kule chumbani.

Nilipoingia nilikuta kanga ya mama mkwe inawaka begani na kitambaa cha kichwani kinafuka moshi. Nilimvua vyote viwili. Sikufikiri, mikono ilikwenda yenyewe. Nikafunga kitasa, nikazitupa nguo mlangoni kwenye tope. Nilipogeuka alikuwa amesimama ukutani mbele yangu, mabega wazi, mikono ameikunja kifuani, nywele za mbele zimeungua, nyusi hazipo. Tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake. Ni uso wa mke wangu, umezeeka na umejaa masizi, macho mekundu kwa moshi wa siku nzima. Kisha akajifunika uso kwa viganja, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakimbia kwenye mvua kuelekea kwa shemeji yake ng'ambo ya shamba la mahindi.

Mungu ni mwema, hakuungua ngozi. Mtoto na mama yake hawakuguswa. Mimi nilibabuka vidole viwili, na niliona ni vichache.

Wazee walikuwa wamesimama wote sebuleni niliporudi. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwanza nimeingia anapopikia mama mkwe, kisha nimemgusa, na mwisho nimemvua nguo. Hata kama ni kwa kumwokoa, jambo limetendeka, na lina taratibu zake. Baba mkwe alizungumza bila ukali. "Mbuzi wa faini tutamzungumza siku nyingine," alisema. Kisha akauliza, "Sasa mzazi atapikiwa na nani?"

 Bibi mikono yake inatetemeka siku hizi, hashiki sufuria. Mama mkwe alikuwa ameshakimbia kwa sababu yangu, na asingeweza kurudi nikiwa bado pale. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, au labda walikuwa wanatazama jiko mkononi mwangu.

Nikachuchumaa chini ya upenu, mbele yao. Nikafuta jiko, nikabadilisha kopo nikaweka lile jipya, nikawasha. Nilikoroga unga wa mtama kwa maji baridi kwanza pembeni, usije ukafanya madonge, nikaumimina maji yalipochemka, nikaongeza karanga za kusaga na maziwa, nikapunguza moto, nikadondosha tone mgongoni mwa mkono kuonja. Nilijaribu kufanya vibaya. Kweli nilijaribu, ili nionekane mtu anayebahatisha. Lakini mkono uliozoea hauwezi kuigiza ugeni, na kila nilichofanya kilikuwa kinanitaja. Wazee walisimama mlangoni wakinitazama.

"Huyu hajaanza leo," mmoja wao akasema.

Baba mkwe akatazama mwiko unavyozunguka. "Kumbe hao simba wako wanakunywa uji," akasema.

Wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya. Ningependa wangecheka kwa ubaya. Nilikoroga nikiwa nimeinamisha kichwa, masikio yamepata moto.

Uji ulikuwa mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, sijapika uji mzuri kama ule kwa mgeni yeyote. Mke wangu alikunywa mabakuli mawili, akiwa amemlaza mtoto kifuani, na baada ya muda mtoto akaacha kulia akaanza kunyonya. Nilikaa mlangoni mwa chumba chake nikiwatazama. Kwa kitambo kifupi nilifikiri labda mambo yameisha salama. Bibi akajaza bakuli lingine, akalifunika kwa sahani, akajitanda mfuko wa nailoni kichwani. "Nampelekea mwanangu," akasema, yaani mama mkwe. "Naye hajala tangu jana usiku."

Sikujua hilo. Nilimsikia akikohoa siku nzima na sikuwahi kufikiri kwamba anayekohoa pia ana njaa.

Bibi aliporudi, bakuli lilikuwa vilevile, limejaa. Uji ulikuwa umeshika utando juu. Aliliweka chini mbele yangu, akasema tu, "Amekataa. Amesema anashukuru sana, lakini umepikwa na mkwe." Huko alikokwenda nao walikuwa na vijiti vilevile vilivyolowa, hawakuwa wamewasha moto. Bibi aliyasema hayo bila utani wowote, akaenda kukaa kwenye kona yake.

Mke wangu alikuwa anatazama bati. Nilidhani atanilaumu kwa moto, kwa mama yake, kwa nguo. Nilikuwa nimeshaandaa majibu. Nilikuwa na hasira kidogo hata, hasira za mtu aliyekosa, zile zinazotafuta pa kutokea. Nikamwambia, "Ningejuaje kama atapuliza?"

"Si hilo," akasema.

"Ni lipi basi?"

Akambadilisha mtoto titi. Akasema kwa sauti ndogo, wazee wasisikie, ingawa kuta zile hazifichi kitu. "Mama alijua una jiko. Nilimwambia asubuhi, ulipofika tu. Niliona ulipopita mlangoni jinsi unavyolishika begi, nikajua umelibeba. Nikamwambia, Mama, omba kwa bibi, akalichukue, utapika uji saa hii."

"Sasa kwa nini hakuomba?"

"Alisema tukuache. Alisema, kama hajalitoa ana sababu, huenda hataki wazee wajue anapika. Tusimwaibishe mkwe wetu mbele ya watu. Atalitoa mwenyewe." Kisha akaongeza, "Kila nilipomwambia, alijibu vijiti vinakaribia kushika."

 Kumbe mama mkwe aliijua kazi yangu. Na aliyekuwa akipuliza vijiti vibichi nyuma ya ukuta, mpaka macho yakawa mekundu, alikuwa ananilindia siri ambayo kwake haikuwa siri. Ningelitoa jiko asubuhi, bibi angelipeleka, ningemwelekeza kwa makini kupitia bibi bila kuwaza wazee wanasemaje, na uji angeupika yeye kwa mkono wake. Angeukoroga, angemnywesha mwanawe, na mwenyewe angekunywa. Sasa uji ulikuwepo, umebaki, umepoa, na katika nyumba nzima mtu mwenye njaa kuliko wote ndiye pekee asiyeweza kuunywa.

"Atarudi lini?" nikauliza.

"Ukiondoka," mke wangu akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa, na wote wawili tulijua.

Ruhusa yangu ilikuwa bado ndefu. Nilikuwa nimepanga kukaa, kumshika mtoto, kumzoea. Nilimshika jioni ile kwa vidole vilivyobabuka, akanitazama kwa macho yasiyoona vizuri bado, akalala. Asubuhi niliwaachia jiko na kopo, nikamfundisha bibi upya mbele ya wazee wote, polepole, mimi nikiwa nimechuchumaa na kukoroga maji matupu ili aone. Nilimwambia amwambie mama mkwe kwamba moto huu haupulizwi. Kisha nikavua viatu nikaingia kwenye tope. Nilipofika mbali kidogo niligeuka, nikamwona mwanamke amejitanda gunia akitoka kwenye mahindi upande wa pili, anakwenda haraka kuelekea nyumbani kwake. Nikageuza uso, nikaendelea kutembea.